Sista, hiyo grafu ukutani inasema nini? Maswali na majibu kuhusu namba za afya

Mi ni nesi, zahanati za huku Dodoma nimezizunguka miaka sasa, na kitu nilichogundua ni kwamba watu wengine wanaogopa namba kuliko sindano. Ukutani kuna makaratasi ya grafu, chanjo, malaria, akina mama waliojifungulia kituoni, na watu wanakaa chini yake masaa mawili wakisubiri kuitwa bila hata kuyatupia jicho. Ukiuliza wanakwambia hizo ni za wakubwa. Sio za wakubwa jamani, takwimu si tulisoma wote shule ya msingi, sema tulifundishwa kwa machungwa na ng'ombe tukaona basi imeishia hapo. Haya ni maswali ninayoulizwa sana, nayajibu hivihivi kama ninavyojibu benchini.

Swali: Sista, mtoto wangu yuko kwenye kijani cha kadi ya kliniki, mbona nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili kama mgonjwa?

Jibu: Mama, ile kadi ya kliniki yenyewe ni grafu, tena nzuri kuliko nyingi mnazotumiana kwenye simu. Chini kuna umri kwa miezi, pembeni kuna kilo. Mstari wa katikati ni wa mtoto wa katikati, yaani chukua watoto wa kike 100 wazima wenye umri sawa, wapange foleni kutoka mwepesi mpaka mzito, aliyesimama katikati ndo huyo. Ile mistari ya juu na chini yake inaonyesha watoto wazima wanavyotawanyika, maana hawawezi kulingana wote. Na kabla hujaniambia watoto wa Kigogo ni wembamba kwa asili (naambiwa sana hilo), WHO walipotengeneza hiyo mistari walipima watoto wa nchi 6, Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, kati ya 1997 na 2003, na wakakuta mtoto akinyonya vizuri na akilishwa vizuri anakua karibu sawa tu awe wa Accra au wa Oslo.

Sasa nikupe mfano. Binti ana miezi 6 ana kilo 7.3, na kwa watoto wa kike wa umri huo 7.3 ndo katikati kabisa. Miezi 9 anakuja na 7.3 ileile. Mwaka mmoja anakuja na 7.4. Mama yake anafurahi kila mara kwa sababu nukta haijatoka kwenye kijani, na kweli mstari wa hatari kwa mwaka mmoja uko kwenye kilo 7.0 hivyo bado hajaufikia. Ila mtoto aliyekuwa naye katikati saivi ana 8.9, huyu kabaki na kilo zake za miezi sita, mstari umelala kama barabara ya kwenda Bahi. Rangi ni ileile lakini mtoto ameiacha njia yake, na hapo ndo nesi anaanza maswali, anaharisha? uji wake ni mzito au unapita kwenye kikombe kama maji? anapata yai, maziwa, mafuta kidogo kwenye chakula? bado ananyonya? Kuna mwingine amezaliwa mdogo, anatembea na mstari wa chini mwezi hadi mwezi sambamba nao bila kushuka chini yake, huyo sina presha naye sana. Hata kwa watoto wazima kabisa, kwenye 100 wapo kama 2 hivi watakaoangukia chini ya mstari wa hatari kwa maumbile tu, lakini hilo sio la wewe kuamua nyumbani, mlete tumwangalie.

Na uliza kadi yako ni ya msichana au ya mvulana, mistari haifanani, nimewahi kukuta mtoto wa kiume anachorwa kwenye kadi ya dada yake.

Swali: Nimepima presha mara tano, namba zinaruka kama panzi. Nishike ipi?

Jibu: Huyu mzee aliniletea karatasi, namba za juu zilikuwa 184, 132, 128, 134 na 130. Akajumlisha akapata 708, akagawa kwa 5 akapata 141.6, akaniambia "sista nimevuka 140, mi ni mgonjwa wa presha". Hesabu yake haina kosa. Shida ni kwamba wastani unavutwa na yeyote anayekaa mbali na wenzake, na hapo 184 imewavuta wengine wote. Ukizipanga kwa ukubwa, 128, 130, 132, 134, 184, ya katikati ni 132, na hiyo ndo inafanana na hali yake ya siku nyingi. Hiyo ya katikati shuleni wanaiita mediani, na kwenye namba chache zenye moja ya ajabu mi naiamini kuliko wastani.

Ila usikimbilie kuitupa ile 184, kwanza uliza imetoka wapi. Kumuuliza, siku hiyo alikuwa amekuja kwa baiskeli juani kutoka shamba, hajakaa hata dakika moja, kapimwa huku anabishana na mtu aliyempita foleni. Presha inapimwa ukiwa umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na mdomo umefungwa. Kama angekuwa amekaa vizuri ikasoma 184 na kichwa kinamgonga au kifua kinabana au upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, hapo hatukai kupiga mediani, hapo ni hospitali muda huohuo. Na kama tayari unatumia dawa za presha usiziache eti kwa sababu ya katikati imetoka nzuri, pengine ni hizohizo dawa zimeifanya iwe nzuri.

Swali: Kuna nyingine inaitwa modi, hiyo ya nini?

Jibu: Ile inayojirudia mara nyingi zaidi. Mi naitumia kuagiza glavu, kama kituoni wengi wanavaa saizi ndogo na wachache saizi kubwa, ukipiga wastani utaagiza za kati ambazo hazimtoshi mtu yeyote. Basi.

Swali: Wanasema malaria Tanzania ni asilimia 8. Mbona huku kwetu kila homa ni malaria?

Jibu: Kila homa sio malaria, kila homa *inaitwa* malaria, na ikishindikana inaitwa U.T.I. Hiyo 8 ilitoka kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022, walipima watoto wa miezi 6 mpaka 59, kwenye kila watoto 100 wakakuta kama 8 wana vimelea. Lakini ukiifungua kwa mikoa, Tabora ilikuwa kama 23, na Dodoma haikufika hata 1. Ukiziweka kwenye nguzo, ya Tabora unaiona ukiwa mlangoni, ya kwetu mpaka uvae miwani. Kwa hiyo ile 8 haimhusu vizuri mtu wa Tabora wala mtu wa Chamwino, ni namba ya kupangia bajeti ya nchi. Ukipewa wastani, uliza na ya chini kabisa ni ngapi na ya juu kabisa ni ngapi, maana hapo katikati panafichwa mengi.

Na maana yake kwako ni hii, ukiwa Dodoma na homa usinunue mseto dukani kwa kukisia, pima kwanza, kwa sababu uwezekano mkubwa ni kitu kingine na utakuwa unatibu kisichokuwepo huku chenyewe kinakula. Ila kama umetoka safari Tabora au Kigoma wiki mbili zilizopita mwambie nesi mapema, hapo hesabu inabadilika.

Swali: Kama wastani wa kuishi ni miaka sitini na kitu, babu yangu ana 74 ina maana ameshapitiliza muda?

Jibu: Hapana, mwache babu yako apumzike. Fikiria watu 10, wawili wamekufa wachanga kabla ya kutimiza mwaka, wanane wamefika 75. Wastani unatoka 60, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na 60! Vifo vya watoto ndo vinaishusha sana hiyo namba, aliyeshavuka utoto anategemewa kwenda mbali zaidi ya hapo, na aliyeshafika 74 ana hesabu yake nyingine kabisa.

Swali: Mwaka ule wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, niliambiwa imeua asilimia 30. Kwa hiyo tukila mahindi watu 100, 30 tunakufa?

Jibu: Swali zuri sana hili, na wengi huku waliogopa hivyohivyo. 2016, Dodoma na Manyara, waliorekodiwa kuugua walikuwa 68 na waliokufa 20. 20 gawa kwa 68 ni kama asilimia 29, watu wanasema 30. Sasa angalia chini ya mstari wa kugawanya kuna nani. Kuna wagonjwa, tena wale walioumwa mpaka wakafika kwenye rekodi. Waliokula ugali wa mahindi mwaka ule mikoa hiyo miwili ni watu wengi mno, hao hawamo kwenye ile 68. Kwa hiyo ni 30 kati ya kila wagonjwa 100, sio kati ya kila walaji 100. Asilimia bila kuambiwa "ya nani" mi huwa siichukui.

Hiyo haina maana sumukuvu ni utani. Mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai sio chini, zikauke kweli, chagua zilizooza na zenye ukungu uzitoe, na usifikiri kuzisaga au kuzipika kunaua hiyo sumu, joto la jikoni haliiwezi.

Swali: Kwenye bango la unga wa lishe niliona nguzo yao ni ndefu mara tatu ya unga mwingine. Ni kweli?

Jibu: Niliona bango kama hilo, nikasogea kusoma namba. Mmoja 92, mwingine 96. Walianzia nguzo kwenye 90 badala ya sifuri, kwa hiyo mmoja akabaki na kipande cha 2 na mwenzake cha 6, jicho likaona mara tatu wakati tofauti ni 4 tu, na hata 4 ya nini hawakuandika. Kwenye nguzo angalia chini kabisa pembeni, kama haijaanzia sifuri usiamini urefu, soma namba. Grafu ya mstari inaweza isianzie sifuri na ikawa sawa tu, kadi ya mtoto kwa mfano, pale tunatafuta mwelekeo.

Swali: Kwanini vifo vya akina mama wanahesabu kwa laki? Kijiji chetu hatuna watu laki.

Jibu: Ili sehemu ndogo na kubwa zilinganishwe. Utafiti wa 2015-16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104. Hiyo inafaa kwa nchi. Kwa zahanati yenye vizazi 200 kwa mwaka, kifo kimoja tu ukikipeleka kwenye laki kinakuwa 500, mwaka unaofuata hakuna aliyekufa inakuwa 0, na kuna mtu atachora mstari atasema tumeshusha vifo asilimia 100. Namba ndogo zinarukaruka zenyewe. Kwenye kituo kidogo sihesabu asilimia, nauliza yule mama mmoja ilikuwaje, alichelewa wapi, gari ilifika saa ngapi, damu ilikuwepo?

Swali: Grafu ya malaria ya kituo ikishuka, si ndo tumefanikiwa?

Jibu: Inategemea. Kituo kimoja nilichofanya kazi mstari ulikuwa unapanda kuanzia Januari kama kawaida ya mvua, Machi ukashuka karibu na chini kabisa. Mgeni mmoja akatupongeza, akapiga na picha. Mi nilikuwa naangalia chini. Machi vipimo vya haraka vya malaria (MRDT) vilikuwa vimeisha wiki tatu, na asiyepimwa haandikwi kwenye kitabu kama mgonjwa wa malaria. Mbu hawakupungua hata mmoja. Tangu siku hiyo kwenye grafu zangu naweka mistari miwili, waliopimwa na waliokutwa nayo, ikishuka yote pamoja najua tatizo ni stoo, wakishuka waliokutwa nayo huku waliopimwa wako palepale, hapo nachukua pongezi.

Swali: Ile grafu ya duara ya "kwanini akina mama wanachelewa kliniki" nimejumlisha nimepata 130. Nimekosea?

Jibu: Hujakosea. Mama mmoja alikuwa anaweza kutaja sababu mbili, umbali na hela ya nauli, kwa hiyo majibu yakazidi watu, na duara haitakiwi kuvuka 100, pale zilitakiwa nguzo. Nilimwambia aliyeichora, akasema ataibadilisha robo ijayo. Bado ipo ukutani, wewe ndo mtu wa kwanza kuijumlisha.