Je, wajua mita ya umeme inaweza kutusaidia kuusoma uchumi wa Goma?

Ingia kwenye mulini yoyote, yaani kinu cha kusaga unga, katika mitaa ya Ndosho au Majengo saa tano asubuhi, siku ambayo umeme upo. Juu ukutani, mbali kidogo na vumbi la unga, kuna mita ya Cash Power, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, yenye kitaa chekundu kinachopepesa. Mashine ikiwa imelala na balbu ndogo ya wati 10 peke yake inawaka, kitaa kinapepesa mara moja kila baada ya dakika sita. Mteja akimwaga mahindi na mota ikaanza kunguruma, kitaa hakitulii tena. Mita nyingi za aina hii zimeandikwa usoni kwamba mipepeso 1,000 ni sawa na kilowati-saa 1. Kwa hiyo ukihesabu mpepeso mmoja kila sekunde, ni mipepeso 3,600 kwa saa, na mota inavuta kilowati 3.6. Bila kumuuliza mwenye mulini neno lolote, umeshajua mashine yake inafanya kazi kiasi gani.

Sasa toka nje uutazame mji. Goma ina watu zaidi ya milioni moja, na sehemu kubwa ya riziki yao haipiti kwenye daftari wala risiti. Ni nani anayeweza kusema mwaka huu mji umezalisha zaidi au pungufu ya mwaka jana? Wachumi wana njia zao, nazo ni nzuri. Lakini mtu aliyesomea umeme ana mazoea fulani ya kupima, na mazoea hayo yanafaa sokoni kuliko watu wanavyodhani.

Zoea la kwanza ni kutochanganya kilicholala na kinachopita. Bateri ya gari inaweza kujaa chaji na isiwashe kitu, maana chaji ni akiba iliyotulia. Kinachowasha taa ni mkondo, yaani chaji inayopita kila sekunde. Fundi hawezi kukujibu kwamba bateri ina ampea fulani na kudhani amekueleza imejaa kiasi gani. Kila kimoja kina kipimo chake. Kwenye uchumi tunavichanganya kila siku. Jumba la ghorofa pale Himbi ni utajiri uliolala. Pato ni kile ambacho mwenye jumba, fundi aliyeezeka bati na mama anayemuuzia samaki wadogo wa sambaza wanakitengeneza kwa mwezi au kwa mwaka. Pato la taifa ni kinachopita kwa mwaka, wala si rundo la mali. Ndiyo maana ukisikia mtu amelinganisha deni lote la nchi na pato la mwaka mmoja kana kwamba ni vitu vya jinsi moja, ujue amelinganisha ujazo wa tangi na kasi ya bomba. Kulinganisha huko kunaweza kufaa, lakini lazima ajue anafanya nini.

Goma imelionja somo hili kwa uchungu. Mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mabenki yalifunga milango. Pesa za watu hazikuyeyuka. Tarakimu zilibaki kwenye akaunti vilevile, kama bateri yenye volti 12 ambayo waya wake umekatwa: msukumo upo, mkondo ni sifuri. Mwalimu mwenye akiba ya miaka mitano hakuweza kununua debe la mahindi. Anayepima utajiri kwa kutazama akaunti angesema hakuna kilichobadilika, na anayepima mkondo angeona giza.

Kuna jambo jingine hapo. Katika waya wa nyumbani, chembe zinazobeba umeme husogea polepole mno, chini ya milimita moja kwa sekunde. Konokono anazipita. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya mzima tayari umejaa chembe hizo, na zote husukumwa kwa wakati mmoja. Ukubwa wa mkondo ni wingi wa chembe mara mwendo wao. Mwaka 1911, mchumi wa Marekani Irving Fisher aliandika mlinganyo wenye sura hiyohiyo kuhusu pesa: kiasi cha pesa kilichopo, mara kasi ya kubadilisha mikono, ni sawa na bei mara shughuli zote za kununua na kuuza. Kwa hiyo noti zikiwa chache, biashara inaweza bado kuendelea ikiwa zinakimbia. Noti moja ya dola 5 inaweza kuanzia kwa muuza samaki wa Kituku, ikaenda kwa motari, dereva wa pikipiki aliyembeba, kwa kijana wa kadhafi anayeuza mafuta kwa chupa, kwa muuza maharage, hadi kwa fundi cherehani, yote kabla ya jua kuzama. Ni dola 5, lakini zimehudumia shughuli za dola 20.

Kinachoipunguza kasi hiyo ni ukinzani, na ukinzani wa hapa kwetu una sura unayoifahamu. Dola iliyochanika pembeni, hata kidogo tu, inakataliwa dukani. Lazima ipite kwa kambisti, mbadilisha pesa, naye anakupa pungufu ya thamani yake. Fundi umeme angeiita hali hiyo kupotea kwa volti njiani: kilichoingia upande huu si sawa na kilichotoka upande ule, na tofauti imeliwa na njia yenyewe.

Lakini zoea lenye faida kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kVA na kilowati, na nitakaa hapo kidogo.

Tazama kibao cha grupu lolote, yaani jenereta, mjini. Kimeandikwa, tuseme, kVA 10, na chini yake cos φ 0.8, ambayo mafundi wetu waliosoma kwa Kifaransa huitamka kosinusi fi. Maana yake ni kwamba grupu hilo linaweza kusukuma kVA 10, yaani volti mara ampea kwa maelfu, ila kazi halisi utakayopata ni kilowati 8. Mota hujengwa kwa nyaya zilizoviringwa, na nyaya hizo lazima zitengeneze sumaku ili mota izunguke. Sumaku hiyo hukopa umeme na kuurudisha, hukopa na kuurudisha, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Umeme huo wa kwenda na kurudi hausagi punje hata moja. Hata hivyo unajaza waya, unaupasha joto, na bila huo mota haizunguki. Mtu asiyejua akipima ampea tu na kuzidisha kwa volti, atadhani kazi iliyofanyika ni kubwa kuliko ilivyo.

Sasa nenda mtaa wa Birere umtazame kambisti kwenye meza yake. Tuseme kwa siku dola 2,000 zimepita mikononi mwake, faranga zikigeuka dola na dola zikigeuka faranga. Jioni amebaki na dola 20. Ukiandika kwamba meza ile imeuongezea mji dola 2,000, umepima kVA na kuziita kilowati. Mchango wake ni ile 20. Lakini ukisema zile 2,000 hazina maana umekosea pia, kwa sababu bila mzunguko huo soko la mpakani lisingezunguka. Ni sumaku ya soko.

Gunia la mahindi linaonyesha vizuri zaidi. Tuseme mkulima wa Rutshuru analiuza dola 30. Msafirishaji analifikisha mjini na kuliuza 38. Mwenye mulini anasaga na kuuza unga kwa 45. Mama mwenye restora anasonga bugali na kukusanya 60 kutoka kwa walaji. Jumlisha mauzo yote: 173. Mbona gunia ni lilelile moja? Kilichozalishwa ni nyongeza ya kila mmoja: 30 za shambani, 8 za barabarani, 7 za mashine, 15 za jikoni, jumla 60. Hiyo 60 ndiyo inayoingia kwenye pato la taifa. Kodi ya TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kongo iliianza Januari 2012 kwa asilimia 16, imejengwa juu ya hesabu hiyohiyo: kila muuzaji anakata kodi aliyokwisha kulipa wakati wa kununua, na kinachotozwa ni nyongeza tu.

Na likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, je? Wanawake kumi wanatoa dola 10 kila wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 100. Kwa jicho la kilowati hakuna kilichozalishwa. Pesa zimehama mfuko tu. Lakini muulize fundi wa mulini kuhusu kile kikopo kidogo kilichofungwa ubavuni mwa mota, kondansateri. Kikiharibika, mota ya umeme wa nyumbani inalia mmm na haizunguki, hata uipe umeme wote wa mtaa. Kondansateri haizalishi umeme. Inaupokea na kuuachia kwa wakati unaopishana na ule wa nyaya, na kupishana huko ndiko kunakoipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka. Mama aliyepata 100 kwa mkupuo akanunua jiko na masufuria makubwa, ilhali 10 za kila wiki zingeishia kwenye chumvi na sabuni, amefanyiwa kazi hiyohiyo. Sijui namna bora ya kumweleza mtu kwa nini likelemba ina thamani wakati hesabu za pato haziioni.

Wazo la kuusoma uchumi kama mtambo si jipya. Bill Phillips, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa fundi wa umeme kabla hajawa mchumi. Mwaka 1949, akiwa London, aliunda mashine iliyozidi kimo cha mtu, yenye matangi na mirija ya plastiki, ambamo maji yenye rangi yalipita kama pesa: kodi hapa, akiba pale, bidhaa za nje kule. Ukifungua vali moja, unaona tangi jingine likishuka. Alichagua maji kwa sababu yanaonekana kwa macho, lakini fikra iliyokuwa nyuma yake ni ya saketi.

Wengine walichukua njia fupi zaidi: kupima umeme wenyewe na kubashiri uchumi. Mwaka 2007 Li Keqiang, aliyekuwa kiongozi wa chama katika jimbo la Liaoning nchini China, alimweleza balozi wa Marekani kwamba takwimu za pato la jimbo si za kutegemewa sana, na kwamba yeye hutazama umeme uliotumika, mizigo ya reli na mikopo ya benki. Mwaka 2012 wachumi Henderson, Storeygard na Weil walichapisha utafiti uliotumia mwanga wa usiku unaoonwa na setilaiti kukadiria ukuaji wa nchi zenye takwimu dhaifu.

Je, njia hizo zingefaa Goma? Kwa tahadhari kubwa. Kwanza, kifaa cha angani kinaona mwanga, hakiulizi umetoka wapi. Kaskazini mwa mji kuna volkano ya Nyiragongo, na ziwa la lava likiwa wazi kileleni, anga lote huwa jekundu usiku. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulilimwaga ziwa hilo. Mtu aliyeko mbali akisoma picha bila kulijua hilo angeweza kuandika kwamba uchumi wa wilaya umeporomoka usiku mmoja. Pili, umeme mpya hufuta moshi wa zamani. Kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru, chenye megawati 13 hivi, kilianza Desemba 2015, na baadaye paneli za jua za Nuru zikaongeza megawati 1.3 mwaka 2020. Mulini zilizokuwa zikisaga kwa grupu la mazutu (dizeli) ziliunganishwa na waya. Mita ikapanda, lakini unga ukawa uleule, kwa bei nafuu. Tatu, chukudu. Kile chombo cha mbao kilichojengewa sanamu katikati ya mji kinabeba viazi, makaa na mbao kutoka vijijini, na hakili hata wati moja.

Ndiyo maana mhandisi mzuri haridhiki na mita moja. Tangu mwanafizikia Kirchhoff alipoandika kanuni yake mwaka 1845, tunajua kwamba mkondo wote unaoingia kwenye maungio lazima utoke. Ukikuta upungufu, kuna waya ambao hujauona. Kwenye uchumi kanuni hiyo inasema kila faranga iliyotumiwa na mtu ni mapato ya mwingine, na ndiyo maana pato hukadiriwa kwa njia tatu, kwa uzalishaji, kwa mapato na kwa matumizi, na majibu yanapaswa kukutana. Ukisimama Petite Barrière, kivuko cha mpaka na Rwanda, asubuhi na kuona akina mama wanavuka na mabeseni ya nyanya na vitunguu kichwani, kisha ukalinganisha kilichoandikwa upande mmoja wa mpaka na kilichoandikwa upande wa pili, tofauti utakayokuta ndiyo ukubwa wa waya huo usioonekana.

Rudi sasa kwenye mulini. Mama mwenye mashine anaweka daftari dogo chini ya mizani: safu moja yuniti alizonunua, safu nyingine magunia yaliyosagwa. Kwa wiki kadhaa gunia moja lilikula kiasi kilekile, halafu likaanza kula zaidi. Umeme umepanda, unga haujapanda. Alifungua mashine akakuta nyundo zimelika na mkanda umelegea.