Si mwili uliozoea dawa, ni bakteria

Keti baraza yoyote Kisauni au Likoni, Mombasa, utamsikia mgonjwa wa taifodi akisema juu ya sipro (ciprofloxacin), dawa ya kuua bakteria: "Sipro hainishiki tena, mwili ushaizoea." Basi vidonge vilivyobaki anapewa jirani, ati wake bado haujaizoea.

Mwili haubadiliki hapo. Anayebadilika ni bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi. Wachache huwa na jeni iliyogeuka kidogo, sipro ikakosa pa kushika. Dawa inaua wenzao, wao wanabaki na kuzaana. Wengine hubeba plasmidi, kipande cha DNA chenye usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo: kloramfenikoli, ampisilini, septrini. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuupata usugu ulioiva tayari, kwa maji ya kisima kilicho ubavuni mwa choo.

Pakistan, tangu 2016, kuna taifodi isiyosikia hata sindano ya seftriaksoni. Kwa vidonge, tegemeo ni azithromaisini.

Na Widal, kipimo cha taifodi kinachopendwa na maabara za mitaani (mara nyingi hukosea hata kuitambua taifodi yenyewe), hakiwezi kukwambia dawa ipi itafaa. Kinachoweza ni bakteria wa kwenye damu yako kuoteshwa maabara, na damu itolewe kabla hujameza antibayotiki yoyote.