Monsoon ni nini, na kwa nini si masika

Neno monsoon halikosekani katika Kiingereza cha taarifa za hali ya hewa, cha utalii na cha vitabu vya jiografia, na msomaji wa Kiswahili anayelikuta huko mara nyingi huambiwa kwamba maana yake ni mvua za masika. Kwa mtu wa Tanga tafsiri hiyo ina kasoro kubwa. Monsoon kwa asili yake ni upepo, na ni upepo ambao watu wa mwambao huu wanaujua kwa majina yao wenyewe tangu enzi za vyombo vya matanga, yaani kaskazi na kusi.

Kwa maana ya kitaalamu, monsoon ni mfumo wa upepo unaovuma kutoka upande mmoja kwa miezi kadhaa, kisha hugeuka ukavuma kutoka upande ulio karibu kuwa kinyume chake kwa miezi mingine, na hurudia hivyo kila mwaka. Sharti lake ni huko kugeuka. Upepo mkali wa siku tatu hauitwi monsoon hata ukiezua mapaa, na mvua ya wiki nzima peke yake haitoshi kuitwa hivyo. Hapa Tanga, kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na huja pamoja na joto la kiangazi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ikaleta ubaridi wa kipupwe na mawimbi makubwa. Katikati yake kuna wiki za maleleji, ambazo wengine huziita tangambili, ambapo upepo haujaamua utokee wapi na nahodha mwenye busara hajipangii safari ndefu.

Chanzo chake ni tofauti ya namna nchi kavu na bahari zinavyopokea joto la jua. Ardhi hupata moto upesi na kupoa upesi, ilhali bahari huchelewa katika yote mawili. Anayekaa Raskazone, mtaa wa Tanga ulio kando ya bahari, huliona jambo hili kila siku kwa kipimo kidogo: mchana ardhi ikishapata joto upepo hutoka baharini kuja pwani, na usiku wa manane hadi alfajiri hutoka nchi kavu, nao ndio unaowasukuma wavuvi wa matanga kwenda nje. Monsoon ni jambo hilohilo kwa ukubwa wa bara na kwa muda wa miezi. Ifikapo Juni bara la Asia huwa limepata joto kali, hewa iliyo juu yake hupanda, mgandamizo hupungua, na hewa ya Bahari ya Hindi huvutwa kuelekea huko. Ifikapo Januari bara hilo limepoa, mgandamizo umeongezeka, na hewa hurudi kuja upande wetu. Mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley alichapisha maelezo ya namna hii mwaka 1686, pamoja na ramani ya pepo hizo, ingawa aliacha jambo moja muhimu, nalo ni mzunguko wa dunia kwenye mhimili wake. Mwaka 1735 mwenzake George Hadley aliuingiza mzunguko huo katika maelezo ya pepo za tropiki.

Mzunguko huo ndio unaofanya kusi ionekane kuwa na sura mbili. Upepo unaosafiri kusini mwa ikweta hupindia kushoto, na ukishavuka ikweta hupindia kulia. Kwa hiyo kusi inayopiga Tanga ikitokea kusini-mashariki huvuka ikweta, hupita kando ya pwani ya Somalia kwa nguvu nyingi zaidi, hujipinda, kisha hufika India ikitokea kusini-magharibi, ikiwa imebeba unyevu mwingi wa bahari. Huko ndiko inakomwaga mvua. Kwa kawaida mvua hizo huingia jimbo la Kerala karibu na tarehe 1 Juni, na miezi ya Juni hadi Septemba huipatia India zaidi ya asilimia 70 ya mvua yake yote ya mwaka. Mkulima wa huko anayengoja upepo huo anangoja mvua, wala hana haja ya kuvitenganisha viwili hivyo, na Kiingereza kilichozungumzwa na kuandikwa India kikafuata mazoea hayohayo hadi monsoon ikawa jina la mvua yenyewe.

Kwetu mambo ni tofauti kabisa. Masika huanguka kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba, yaani zaidi katika vipindi ambavyo upepo mmoja unaondoka na mwingine unaanza kushika, wakati Ukanda Mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua unaoizunguka dunia karibu na ikweta, unapopita juu yetu ukilifuata jua kwenda kaskazini au kurudi kusini. Kusi inapokuwa katika kilele chake, Julai na Agosti, Tanga hupata manyunyu ya mchoo tu. Hivyo anayeandika kwamba monsoon ni masika analitaja pengo lililo kati ya pepo mbili kwa jina la pepo zenyewe.

Ushahidi uko Deep Sea, kwenye soko la samaki la Tanga. Asubuhi ya Julai ngalawa nyingi huwa zimevutwa juu ya mchanga, wachuuzi wamesimama na baiskeli zao wakingoja mashua mbili tatu zilizothubutu kutoka, na wavuvi wa dago waliokuwa wamepiga kambi mbali na kwao wamekwisha kuhamia upande wenye kinga. Mama anayelalamikia bei ya changu hujibiwa, “Mama yangu, kusi imekaza, vyombo havitoki.” Muuzaji hakutaja mvua, na mteja hakuiuliza, kwa maana jua linaweza kuwa linawaka vizuri kabisa.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, mawsim, yaani wakati maalumu wa jambo fulani, uwe wa hija, wa soko au wa safari ya baharini. Wareno walilichukua katika Bahari ya Hindi wakalifanya monção, na mwishoni mwa karne ya 16 likaingia katika Kiingereza. Kiswahili kililipokea neno hilohilo likawa msimu, ila kwetu lilibakia na maana ya wakati tu, ndiyo maana tunasema msimu wa maembe, na mshabiki wa Coastal Union huhesabu misimu ya ligi bila kufikiria upepo hata kidogo.

Thamani ya kuijua kalenda ya upepo ilimfikia Vasco da Gama kwa njia ngumu. Mwaka 1498 aliondoka Malindi mwezi Aprili, akiongozwa na rubani aliyepatiwa pale, kusi ikiwa ndiyo inaanza, na tarehe 20 Mei alikuwa karibu na Calicut, bandari ya India. Aliporudi hakungoja kaskazi ishike. Kuvuka bahari ileile kulichukua takriban miezi mitatu, hadi Januari 1499, na mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye. Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia asubiri.

Katika Kiingereza cha kila siku, basi, msomaji atakutana na matumizi zaidi ya moja. Habari kutoka India au Bangladesh ikitaja monsoon, karibu kila mara inakusudia majira ya mvua, na hapo “mvua za msimu” inafaa vizuri. Huko Arizona, Marekani, msimu huo umewekewa tarehe rasmi tangu mwaka 2008, kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, na wapo wanaoita hata mvua moja ya radi kwa jina hilo, matumizi ambayo kwa maoni yangu ni ya ovyo. Katika vitabu vya jiografia na historia ya biashara ya Bahari ya Hindi neno hubaki katika maana yake ya kwanza, na tafsiri yake ni pepo za msimu, au pepo za monsuni kama baadhi ya vitabu vya shule vinavyoandika.

Jambo la mwisho la kuangaliwa ni majina ya pande, kwa kuwa Kiingereza huutaja upepo kwa upande unakotokea, kama tufanyavyo sisi. Monsoon ya kaskazini-mashariki ni kaskazi yetu. Monsoon ya kusini-mashariki ni kusi, na ile ya kusini-magharibi inayosomwa katika habari za India ni kusi hiyohiyo ikiwa imekwisha kuvuka ikweta.