Mzazi, ugomvi na mwalimu usiuanzie mlangoni mwa darasa

Wazazi wenzangu wa Kigoma, kesi nyingi zinazofika hapa idara ya elimu msingi zinaanza hivihivi, mtoto karudi analia, baba ndo kwanza katoka ziwani hajalala usiku kucha, anasikia stori nusu, anaondoka na hasira zake mpaka darasani saa nne asubuhi anamkunja mwalimu shati huku watoto wote wanaangalia. Hapo hata kama haki ilikuwa yako, jioni wewe ndo uko polisi.

Kwanza, ulizia kitabu cha adhabu. Kanuni ya viboko ya 2002 (Tangazo la Serikali, GN 294) inasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi 4, mkononi au makalioni juu ya nguo, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe, jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, nani kachapa, mwalimu mkuu anasaini. Haijaandikwa? Tayari una hoja. Andika barua kwa mwalimu mkuu, weka tarehe, baki na kopi, ukikwama nenda kamati ya shule, afisa elimu kata, halafu ndo uje kwetu. Na jamani, msituambie "mfukuzeni leo leo"! Nidhamu ya mwalimu iko kwa TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, anapewa mashtaka kwa maandishi, anajitetea, akikutwa na hatia anaweza kupewa onyo mpaka kufukuzwa, na rufaa ni haki yake.

Ila mtoto akiumizwa au kuchezewa mwili hakuna cha barua wala kamati, nenda polisi dawati la jinsia na watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hospitali siku hiyohiyo. Wanaomalizana kwa mbuzi nyumbani wanamuumiza mtoto mara ya pili.

Mchango wa uji wa shuleni nao, elimu bila malipo ya tangu 2016 ilifuta ada, haikufuta wajibu wa mzazi kumlisha mwanae, hili tumelisema mpaka tumechoka. Lakini na nyie walimu, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya uji.

Halafu walimu wakuu wa shule za mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, vikao vya wazazi msiite wakati wa giza, siku ambazo usiku hauna mwezi, wavuvi wote wako kwenye dagaa. Subirini mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepaki, hao akina baba mnaosema hawajali mtawaona wamekuja.