Mfumo wa upepo katika basi la zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 1953 kampuni ya General Motors ilianza kuuza basi la masafa marefu la PD-4104, lililoundwa Pontiac, Michigan, na kuendelea kutengenezwa hadi 1960, likafuatiwa na PD-4106 mwaka 1961. Mabasi haya yalibebwa na mifuko ya upepo badala ya springi za chuma, na kompresa (pampu ya upepo) iliyojaza mifuko hiyo ndiyo hiyohiyo iliyoendesha breki. Mengi bado yako Marekani mikononi mwa watu binafsi, baadhi yakiwa yamegeuzwa nyumba za safari. Wanaoyatunza hupeana maelezo mengi kuhusu upepo, na si yote yanayofaa kuaminiwa.

“Mshale wa geji ukifika pauni 120 kwa inchi ya mraba, mfumo ni mzima.”

Geji huonyesha upepo uliomo tangini. Upepo unaopotea haiuonyeshi. Kompresa yenye nguvu inaweza kufidia uvujaji mkubwa kwa muda mrefu bila mshale kutikisika, na dereva akaamini kwamba hakuna tatizo mpaka siku injini itakapozimika mteremkoni. Kipimo cha kweli hufanywa injini ikiwa imezimwa, matangi yamejaa, basi limesimama mahali tambarare na magurudumu yamewekewa vizuizi. Breki zikiwa zimeachiwa, upepo usipungue zaidi ya pauni 2 kwa inchi ya mraba katika dakika moja. Pedali ikiwa imekanyagwa na kushikiliwa, usipungue zaidi ya pauni 3. Baada ya hapo washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia pedali mara nyingi ili upepo ushuke, na usikilize: onyo linapaswa kulia au kuwaka mshale unapokaribia pauni 60. Mwisho washa injini uone kama kompresa inapandisha upepo kutoka pauni 50 hadi 90 ndani ya dakika 3, kiasi kinachotarajiwa kwa magari ya zamani yenye mfumo mmoja wa breki.

Hata hayo yote yakifaulu, geji bado haijasema lolote kuhusu urefu wa safari ya fimbo inayotoka kwenye chemba ya breki, yaani kopo ambamo upepo husukuma fimbo ili breki ibane. Kwa chemba ya kawaida ya ukubwa unaoitwa aina ya 30, fimbo ikisafiri inchi 2 au zaidi, breki inahitaji kurekebishwa, na katika mabasi haya kazi hiyo hufanywa kwa spana na mkono wa mtu.

“Upepo ukiisha, breki zitajifunga zenyewe.”

Kwangu mimi hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, kwa sababu ni kweli kwa magari ambayo madereva wengi wamejifunzia. Katika lori au basi la kisasa kuna springi nzito ndani ya chemba, nayo huzuiwa na upepo. Upepo ukipotea, springi hubana breki. Nchini Marekani sheria iliyolazimisha mfumo wa breki wenye njia mbili zinazojitegemea pamoja na breki ya dharura ya namna hii ilianza kutumika kwa magari mapya mwaka 1975. Basi la 1954 halikuguswa na sheria hiyo. Mengi ya umri huo yana njia moja tu ya upepo kutoka kwenye pedali hadi magurudumu yote na hayana springi za kuyasimamisha, hivyo bomba likikatika dereva hubaki na breki ya mkono pekee, ambayo iliwekwa kwa ajili ya kuegesha.

Mabasi mengine, hasa ya miaka ya 1960 na baadaye, yalifungwa chemba za DD-3, ambazo hushikilia breki kwa rola zinazoibana fimbo. Aliyezoea breki za springi hushangaa kuona kwamba kusukuma kitufe cha kuachia breki ya kuegesha hakutoshi: ni lazima upepo uwe umejaa, kisha akanyage pedali kwa nguvu ndipo rola ziachie. Wala hakuna boliti ya kuzifungua kwa mkono basi likiharibika njiani. Bila upepo halivutwi. Ndiyo maana wapo wanaoziondoa DD-3 na kuweka chemba za springi, uamuzi ambao siwezi kuulaumu, mradi mirija na vali zibadilishwe pia kulingana na mfumo mpya.

“Basi kulala chini usiku ni uzee tu.”

Basi linaloinama upande mmoja kila asubuhi linavuja mahali fulani, na povu la sabuni litapaonyesha. Mara nyingi ni kiungio au vali ya kusawazisha kimo, wala si mfuko wenyewe. Katika mabasi haya ya GM kuna jambo la ziada: mifuko imefungwa kwenye boriti za chuma zilizo tupu ndani, nazo pia hujazwa upepo, hivyo maji yakituama humo kutu hula chuma kutoka ndani bila kuonekana.

Na hapa kuna onyo lisilo na mjadala. Mfuko ukipasuka au kiungio kikichomoka, basi lote hushuka mara moja, na nafasi inayobaki chini yake haimtoshi mtu. Wamekufa watu hivyo. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya basi linalosimama kwa upepo au kwa jeki peke yake. Mwili wa basi ukae juu ya stendi za chuma au magogo imara, yaliyowekwa mahali palipokusudiwa kubeba uzito.

“Nimefunga kikausha upepo, sihitaji tena kumwaga maji.”

Upepo uliobanwa huacha maji matangini, na kikausha upepo hufaa sana kuyapunguza, lakini dawa yake ya kunyonya unyevu huharibiwa na mafuta, na kompresa iliyochoka ringi hutema mafuta. Tangi la kwanza baada ya kompresa liendelee kufunguliwa ili maji yatoke. Yakitoka maji meupe kama maziwa au tope la mafuta, tafuta chanzo kabla ya kununua dawa nyingine.

“Kipuri cha asili ndicho bora daima.”

Inategemea ni kipuri gani. Kiwiliwili cha kompresa ya Bendix-Westinghouse, watengenezaji wa vifaa vya breki za upepo, au cha vali ya zamani kinastahili kutunzwa, kwa kuwa chuma chake ni kizuri na sehemu za ndani hubadilishwa. Mpira ni habari nyingine: dayaframu (utando wa mpira ndani ya chemba ya breki) ya 1962 ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi imezeeka humohumo boksini, na haina nafasi kwenye breki. Mirija ya shaba inaweza kubaki ikiwa haijapasuka, na panapohitajika nailoni iwe ile ya breki za upepo ya kiwango cha SAE J844, cha chama cha wahandisi wa magari. Bomba linalotoka kwenye kompresa lisiguswe na nailoni kabisa, kwani upepo wa hapo una joto kali. Hapo panahitaji chuma au hosi iliyotengenezwa kustahimili joto hilo. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao uachwe nyumbani: vipande vyake hukatika na kwenda kukwama ndani ya vali, wakati dawa ya maji ya kuzibia nyuzi za viungio hufanya kazi hiyohiyo bila madhara hayo.