Garota de Ipanema: hiyo C7 itoeni

Nimeambiwa tena, na mtu aliyejiamini kabisa, kwamba "The Girl from Ipanema", yaani Garota de Ipanema (msichana wa Ipanema, mtaa wa ufukweni Rio de Janeiro), ni wimbo wa Kimarekani ambao Wabrazili walikuja kuutafsiri baadaye. Ingekuwa mara ya kwanza ningecheka. Tatizo ni kwamba imani hii haiishii mezani. Inapanda jukwaani, inaingia kwenye vidole vya mpiga gita na kinywani mwa mwimbaji, na ndiyo maana kopi nyingi za wimbo huu, yaani zile za wanamuziki wengine, zinasikika kama muziki wa kukusubirisha kwenye simu ya benki.

Historia nitaipitia mbio. Muziki ni wa Antônio Carlos Jobim, maneno ya Kireno ni ya Vinicius de Moraes, mwaka 1962. Uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huo katika klabu ya Au Bon Gourmet, Copacabana, jukwaani wakiwemo Jobim, Vinicius, João Gilberto na kundi la Os Cariocas. Wa kwanza kuutoa kwenye rekodi alikuwa mwimbaji Pery Ribeiro, huko huko Brazil. Na hapana, haukuandikwa kwenye kikaratasi cha baa. Baa walikuwa wakikaa, msichana walimwona akipita, lakini muziki Jobim aliupangia nyumbani kwake.

Rekodi mnayoijua nyote ilifanyika New York, Machi 1963: João Gilberto gita na sauti, Jobim piano, Stan Getz saksofoni, Milton Banana ngoma, Sebastião Neto besi (ingawa jalada lilimtaja mpiga besi mwingine). Maneno ya Kiingereza aliyaandika Norman Gimbel, na aliyeyaimba ni Astrud Gilberto, wakati huo mke wa João. Nani alitoa wazo la kumwimbisha Astrud? Waliokuwepo studioni wamesimulia kila mtu kivyake, na msimulizi kwa kawaida hajisahau kwenye sifa. Albamu ilitoka 1964. Humo wimbo una dakika tano na ushei, na João ndiye anayefungua, kwa Kireno. Kwa ajili ya redio ukakatwa hadi chini ya dakika tatu, na kilichokatwa ni João. Dunia ikapokea tafsiri ikadhani ndiyo mama, Grammy ya 1965 ikagonga mhuri.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi hasa, yaani mkazo wa maneno.

Tuliokulia kwenye kwaya hatuna kisingizio, basi tutumie solfa. Noti kumi za mwanzo ni re-ti-ti-la-re-ti-ti-ti-la-re. Re, noti ya juu, inatokea ya kwanza, ya tano na ya kumi. Kireno kinasema "Olha que coisa mais linda, mais cheia de graça". Hesabu silabi zenye mkazo: O, coi, lin, chei, gra. Ni ya 1, ya 4, ya 7, ya 10, ya 13. Tatu tatu, bila kukosea hata moja. Maana yake ni kwamba "coi", silabi yenye nguvu, inaangukia kwenye la, noti ya chini kabisa, halafu re ya pili inabebeshwa "sa", silabi dhaifu. Maneno yanakwenda tatu tatu, melodi inapanda na kushuka kwa hesabu yake, na kidole gumba kwenye gita kinapiga mbili mbili. Mambo matatu yanapishana na hakuna linalomkanyaga mwenzake. Mwendo wa yule msichana uko hapo. Hauko kwenye saksofoni.

Kiingereza je? "Tall and tan and young and lovely": mkazo uko ya 1, ya 3, ya 5, ya 7. Mbili mbili, kama gwaride. Na re zote tatu zimepewa maneno mazito, "tall", "young", "girl". Gimbel hakuwa mjinga. Alisikia noti ya juu akaweka neno la juu, kazi safi ya fundi. Lakini kwa kufanya hivyo alinyoosha kilichokuwa kimepindwa makusudi, na mwimbaji anayejifunza kwa Kiingereza huigongomelea kila re kama msumari. Mpe huyo bendi bora kuliko zote, wimbo utachechemea tu.

Dawa ni kujifunza Kireno kwanza, hata kama mwisho utaimba Kiingereza, hata kama wewe ni mpiga tarumbeta. Na hapa sisi tuna bahati ambayo Mwingereza hana: maneno yote ya mstari huo yenye silabi mbili yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Olha, coisa, linda, kama baba, mama, samaki. Kwa matamshi ya Rio, sema takribani "olya ki koiza maish linda, maish sheya ji grasa". Sema mara ishirini ukitembea, bila muziki. Usipige makofi.

Maana nayo imehama. Katika Kireno mtu anajiuliza kwa nini yuko peke yake, halafu anaona kwamba uzuri ule si wake tu, na kwamba nao unapita peke yake. Mwisho anawaza kwamba laiti msichana angejua jinsi dunia nzima inavyopendeza anapopita, kwa sababu ya upendo. Katika Kiingereza, jamaa amenyimwa salamu. Basi.

Kodi sasa (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za serikali). Karatasi nyingi zimeandikwa katika F, yaani do ikiwa F, rekodi ya New York iko katika Db (b hushusha noti nusu toni, # huipandisha). Katika F, sehemu ya kwanza ni Fmaj7 vipimo viwili, G7 viwili, kisha Gm7, Gb7, Fmaj7, Gb7, kimoja kimoja. Hiyo Gb7 ndiyo watu huibadilisha kuwa C7 kwa sababu mkono umezoea. Vitabu vitakutetea: kodi hizo mbili zinashirikiana E na Bb, kwa hiyo kinadharia zinabadilishana. Ni kweli. Ila ukiweka C7 umeua mteremko wa besi, G, Gb, F, ambao ndio mlango laini wa kurudi nyumbani. Mbaya kuliko zote ni pale gita linapopiga C7 na besi akashika Gb. G ya gita na Gb ya besi zinasuguana nusu toni, na kila mtu anamtazama mwimbaji kana kwamba kosa ni lake. Kubalianeni kabla ya kupanda.

G7 nayo isikutie haraka. Mazoea yanasema itakwenda C, lakini yenyewe inalegea tu kuwa Gm7. Ipige bila kuisukuma.

Sehemu ya kati ina vipimo 16, si 8. Jumla ni 8, 8, 16, 8, yaani 40. Mpiga ngoma aliyezoea nyimbo za 32 huachia mbwembwe zake baada ya vipimo vinane vya sehemu ya kati, akitangaza kurudi wakati hakuna anayerudi. Nusu ya ajali za wimbo huu hutokea sekunde hiyo.

Nusu nyingine ni za waimbaji, hapo hapo. Kodi ni Gbmaj7, B7, F#m7, D7, Gm7, Eb7, kila moja vipimo viwili, kisha Am7, D7, Gm7, C7 kimoja kimoja. Noti ndefu ya kwanza ni F, do yenu ya nyumbani, isipokuwa sakafu imepanda nusu toni chini yake. Mwimbaji husikia Gb, huogopa, hupanda nayo. Usipande! Shikilia do, acha kodi ihame. Noti ndefu ya pili ni G#, ya tatu ni A. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni nusu toni tatu, kutoka ya pili hadi ya tatu ni nusu toni moja tu. Kwa kuwa vishazi vinafanana, sikio hudhani ngazi nazo ziko sawa, na ya tatu huimbwa juu mno. Fanyeni mazoezi ya noti hizo tatu peke yake, F, G#, A, gita likipiga kodi zake chini, kabla ya kuongeza neno lolote.

Kwa nini kodi zinakwenda hivyo? Gbmaj7 na F#m7 zina shina moja lenye majina mawili, meja inageuka maina, hilo naeleza bila kigugumizi. B7 iliyo katikati ndiyo hunisumbua. Siku nyingine naieleza kama rangi ya muziki wa bluzi (blues) juu ya Gb, siku nyingine kama daraja tu la kuivusha meja kwenda maina. Vitabu huchagua maelezo moja na kusonga mbele kama hakuna kilichotokea. Mimi hakuna hata moja lililoniridhisha.

Mdundo. Kile kitufe cha "Bossa" (bossa nova, mtindo wa wimbo huu) kwenye kinanda kinapiga, katika nafasi 16 za vipimo viwili, ya 1, 4, 7, 11 na 14, bila kubadilika hadi umeme ukatike. Watu wanadhani hiyo ni sheria, kama clave ya Kuba, ule mdundo usiobadilika ambao wote huufuata. Si sheria. João Gilberto alikuwa akizihamisha kodi zake kila mara, kuufuata au kuukimbia mstari wa sauti. Kisichohama ni kidole gumba, sawa sawa na taratibu, na chimbuko lake ni ngoma ya surdo katika samba, ambayo uzito wake uko kwenye pigo la pili. Ukiweka uzito kwenye la kwanza umepiga rumba mbovu. Nyuzi za nailoni, bila kipiko (kile kiplastiki cha kukwangulia nyuzi), vidole vitatu vivute nyuzi kwa pamoja. Mwendo kati ya 60 na 68 kwa dakika, ukihesabu mapigo mawili kwa kipimo.

Kopi za kusikiliza: mpiga piano Oscar Peterson, 1964, nadhifu mno kwa masikio yangu. Archie Shepp, 1965, kwenye albamu ya Fire Music, anaurarua wimbo na saksofoni yake, na bado namwona karibu zaidi na ule upweke wa Kireno kuliko wengi wenye adabu. Frank Sinatra alirekodi na Jobim mwenyewe, 1967, akashusha sauti kuliko kawaida yake, na hilo peke yake ni somo. Ella Fitzgerald alimgeuza msichana kuwa mvulana. Anitta, 2021, alichukua melodi akasimulia wasichana wa Rio nyingine kabisa.

Na Astrud? Wanaomcheka kwamba hana sauti hawajasikiliza. Hatetemeshi noti, hazigongomelei zile re, anaimba Kiingereza cha Gimbel kama Kireno, na gwaride karibu lote linayeyuka. Hata mwishoni mwa sehemu ya kati, mahali pa "me" (mimi), akaimba "he" (yeye, ingawa sarufi ingetaka "him"), ili asilazimike kuwa yule mwanamume. Walimu wa sarufi bado wanalalamika.