Shikamoo Isiyo na Shida, na Dhana Nyingine Kuhusu Kuandika Meseji

Dhana: herufi kubwa zinaonyesha uzito wa jambo.

Ukweli: kwa wengi zinasomeka kama kelele, na hilo si la juzi. Mwongozo wa adabu za mtandaoni uitwao RFC 1855, wa Oktoba 1995, ulishaonya hivyo. Ila mama mdogo akiandika "NIMEFIKA SALAMA", usinune. Simu imekwama kwenye herufi kubwa na miwani iko mbali. Ukitaka neno moja lionekane kwenye WhatsApp, liwekee nyota mwanzo na mwisho, *hivi*, nalo litakolea.

Dhana: kwa mkubwa unatuma "Shikamoo", unangoja "Marahaba", ndipo unaeleza shida.

Ukweli: ana kwa ana, sawa. Kwenye simu, umesalimia saa tatu asubuhi, ameona saa nane mchana, ameitika, na wewe bando limeisha. Jambo la dakika moja linalala. Andika yote pamoja: "Shikamoo mjomba. Pole na safari. Naomba kujua gari la kwenda mazishini linaondoka saa ngapi kesho." Heshima iko palepale. Wanaofuta salamu kabisa kwa kisingizio cha kuokoa muda, hao siungani nao.

Dhana: emoji ni mapambo tu.

Ukweli: SMS moja hubeba herufi 160. Ukitia ua moja tu, nafasi inashuka hadi 70, kwa sababu ujumbe wote unabadilishiwa mfumo wa herufi. Mwaliko uliokuwa SMS moja unalipiwa mbili au tatu. Na asiyeona, anayesomewa skrini na programu, hutajiwa kila emoji kwa jina lake. Mioyo kumi mfululizo inachosha.

Dhana: orodha ya michango ya harusi, kila mtu akopi, ajiongeze, apesti.

Ukweli: hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Orodha imefika "15. Mama Neema 30,000 ✅". Wawili wanaikopi dakika ileile, kila mmoja anajiandika wa 16. Wa tatu anakopi iliyoingia mwisho, anakuwa wa 17. Yule wa kwanza ametoweka, na pesa katoa! Atajua siku ya kikao, jina lake lisiposomwa mbele za watu. Isitoshe, kundi zima limesukumiwa orodha ndefu mara kumi, na tangazo la ukumbi limezama humo ndani.

Orodha aishike mweka hazina peke yake. Mchangiaji aandike mstari mmoja: jina, kiasi, katoa au kaahidi. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe kwa dakika 15 tu, kwa hiyo atume orodha mpya mara moja jioni, waliotoa juu, wenye ahadi chini, na tarehe kwenye mstari wa kwanza.